"Wakishatusikiliza, Wanatujibu?": Watoto wa Kando ya Ziwa na Maamuzi ya Dunia

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Ilemela, mkoani Mwanza, na ni mlezi wa baraza la watoto la shule yetu. Shirika moja limetuomba tutoe mtoto mmoja akazungumze katika mkutano wa kimataifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Limetaka awe anayejua Kiingereza vizuri, na limesema hotuba litaiandaa lenyewe. Nilipowaeleza watoto, kijana mmoja wa kidato cha pili aliuliza: "Wakishatusikiliza, wanatujibu?" Nilikosa la kumwambia. Naomba unieleze kama watoto kushirikishwa katika maamuzi ya dunia kuna maana, au tunawatumia kupamba mikutano. Baadhi ya wazazi nao wana hofu kwamba tunawafundisha watoto ujeuri. Na mtoto akikosa viza, tufanyeje?

Jibu: Mwalimu, nakusalimu na kukushukuru. Kijana wako amegusa mahali ambapo sisi tunaofanya kazi hii tumekuwa dhaifu kwa muda mrefu. Nimekuwa katika kazi za haki za mtoto kwa miaka mingi, sehemu kubwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, na kama ningetakiwa kubaki na kipimo kimoja tu cha kupimia ushiriki wa watoto, ningechukua swali lake. Kumpa mtoto kipaza sauti ni kazi nyepesi. Kazi nzito ni mtu mwenye madaraka kurudi kwa mtoto yule yule na kumweleza maneno yake yalifikishwa wapi, yalibadilisha nini, na kama hayakubadilisha kitu, ni kwa sababu gani.

Kijana huyo anadai kitu anachostahili kisheria, hata kama mwenyewe hajui. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 1991, inampa mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni yake haki ya kuyatoa kwa uhuru katika mambo yote yanayomhusu, na inataka maoni hayo yapewe uzito unaolingana na umri na ukomavu wake. Ibara hiyo haikuweka umri wa chini, wala haikusema kwamba haki hiyo inaishia kwenye mpaka wa nchi. Kamati ya Haki za Mtoto, yaani wataalamu 18 wanaosimamia utekelezaji wa Mkataba huo, iliifafanua mwaka 2009 katika Maoni ya Jumla Namba 12. Humo ilisema kwamba ushiriki ni lazima uwe wa hiari, mtoto aelezwe mapema anashirikishwa katika nini, jambo lenyewe liwe linagusa maisha yake, alindwe dhidi ya madhara, na mwishoni apewe mrejesho ulio wazi kuhusu namna maoni yake yalivyotumika. Hapa nyumbani, kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto mwenye uwezo wa kutoa maoni haki ya kuyatoa, ya kusikilizwa na ya kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake.

Huenda mtu akauliza mtoto wa Ilemela ana uhusiano gani na maamuzi yanayofanyika Geneva au New York. Ukiishi kando ya ziwa hili hilo si swali gumu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia zaidi ya mara moja samaki wa Ziwa Victoria kuingia katika masoko yake, kwa hofu za kiafya na, baadaye, kwa habari za watu kuvua kwa sumu. Uamuzi ulitolewa mbali, lakini ulifika hadi kwenye nyumba ambazo ada na sare zilitoka katika sangara. Mkataba Namba 182 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1999 kuhusu aina mbaya kabisa za kazi za watoto, uliridhiwa na nchi zote wanachama wa shirika hilo ilipofika Agosti 2020, na ndio tunaousimamia tunaposema mtoto asiende ziwani usiku kuvua dagaa. Na mwezi Mei 2020, baada ya mvua kubwa za msimu, maji ya ziwa yalipanda hadi kiwango kilichozidi kidogo rekodi ya mwaka 1964, yakaingia katika makazi na mialo, yaani mahali wavuvi wanapoteremshia samaki, ya nchi zote tatu zinazolizunguka. Mtoto aliyehamishwa na maji yale anahusika moja kwa moja na mjadala wa tabianchi, hata kama hajawahi kuusikia Mkataba wa Paris, makubaliano ya nchi za dunia ya kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi.

Nafikiri watoto wako wanapaswa kujua kwamba mtoto wa Mwanza amekwisha kusimama katika ukumbi wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 22 Aprili 2016, siku Mkataba wa Paris ulipotiwa saini katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa huko New York, aliyezungumza kwa niaba ya vijana mbele ya viongozi wa dunia alikuwa Getrude Clement, msichana wa miaka 16 kutoka Mwanza. Hakuokotwa njiani siku ya mkutano. Alikuwa tayari mtangazaji wa redio kupitia kazi za waandishi wa habari watoto, alikuwa amezoea kuuliza, kusikiliza na kueleza mambo ya mazingira ya watu wake, na alipofika kule aliwataka wakubwa waache ahadi na wafanye vitendo vikubwa, tena siku ile ile. Naikumbuka siku hiyo kwa fahari, na wanafunzi wako wa kike hasa wanastahili kusimuliwa.

Pamoja na fahari hiyo, nakuomba uangalie tarehe. Maneno ya Mkataba wa Paris yalikuwa yamekubaliwa Desemba 2015. Hotuba ya Aprili 2016, hata ingekuwa na nguvu kiasi gani, isingeweza kubadilisha hata nukta katika maandishi yaliyokuwa yakisubiri saini. Sisemi hivyo kuipunguzia thamani. Hotuba ya namna ile hufungua masikio na huwapa watoto wengine ujasiri. Ninachotaka uone ni kwamba maamuzi ya kimataifa yana msimu wake, kama kilimo. Kuna wakati rasimu inaandikwa, wakati nchi zinapanga misimamo yao, wakati wa majadiliano, kisha wakati wa saini na picha. Mara nyingi watoto huitwa msimu wa saini na picha. Kwa hiyo swali la kwanza la kuliuliza shirika lililokuandikia ni hili: mkutano huo utaamua nini, na maandishi yake yamefikia hatua gani? Wakishindwa kukujibu kwa sentensi mbili zinazoeleweka, jua wanatafuta sura ya mtoto.

Ipo mifano iliyofanyika vizuri zaidi, na ni vyema uijue ili ujue cha kudai. Kamati ya Haki za Mtoto ilipoamua kuandika Maoni ya Jumla Namba 26, kuhusu haki za mtoto na mazingira pamoja na tabianchi, iliwauliza watoto kabla ya rasimu na ikawauliza tena baada ya rasimu, huku kikosi cha washauri watoto kikishiriki katika kazi hiyo. Ilipokea michango 16,331 kutoka kwa watoto wa nchi 121, na waraka ulipotolewa Agosti 2023 ulitamka waziwazi kwamba watoto wana haki ya mazingira safi, yenye afya na endelevu. Waraka huo si sheria inayomfunga mtu kama amri ya mahakama, lakini ndio Kamati inaoutumia kuzihoji serikali, na majaji na wanasheria huutaja. Watoto waliingia humo wakati wino haujakauka.

Mfano wa pili naupenda zaidi, ingawa walioshiriki walishindwa. Septemba 2019 watoto 16 kutoka nchi mbalimbali, wakiwamo wa Afrika Kusini, Nigeria na Tunisia, walipeleka malalamiko mbele ya Kamati hiyo hiyo dhidi ya Argentina, Brazili, Ufaransa, Ujerumani na Uturuki, wakidai kwamba nchi hizo zilikuwa zikivunja haki zao kwa kutopunguza vya kutosha gesi zinazopasha dunia joto. Mwezi Oktoba 2021 Kamati ilikataa kuyasikiliza malalamiko hayo kwa undani kwa sababu watoto hawakuanza kwanza katika mahakama za nchi husika. Hata hivyo ilikubali hoja moja kubwa, kwamba nchi inaweza kuwajibika kwa madhara ambayo moshi wake unawaletea watoto walio nje ya mipaka yake. Kisha ikafanya jambo ambalo ningetamani kila afisa wa serikali na kila mkurugenzi wa shirika aliige: iliwaandikia watoto wale barua ya wazi, kwa lugha wanayoielewa, ikawaeleza wameshinda nini, wameshindwa nini na kwa nini. Mwambie kijana wako kwamba ndiyo, imewahi kutokea; watoto walijibiwa, tena kwa maandishi, na chombo ambacho hakikuwapa walichoomba.

Afrika nayo ina mlango wake, na watu wengi hawaujui. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003, una Kamati yake ya Wataalamu, na Ibara ya 44 inaruhusu mtu au kikundi kupeleka malalamiko. Mashirika mawili ya utetezi wa haki yalipeleka mwaka 2019 malalamiko kwa niaba ya wasichana wa Tanzania waliofukuzwa shule kwa sababu ya ujauzito, na mwaka 2022 Kamati hiyo ikaamua kwamba haki zao zilivunjwa. Kabla ya hapo, Novemba 2021, serikali ilikwisha kutangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wataruhusiwa kurudi shuleni. Wasichana wale hawakupanda jukwaani. Yaliyowapata yalisafiri kupitia kwa wanasheria, na majina yao yalibaki salama. Huo nao ni ushiriki, na kwa mambo mengine ndio ulio bora.

Sasa niseme wazi juu ya hiyo hotuba itakayoandaliwa na shirika. Nikatae bila kuzunguka: usikubali. Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na msichana wa miaka 14 kutoka kisiwa kimoja cha ziwa hili hadi kwenye mkutano wa nchi nyingi. Nyumbani, alipoulizwa nini kinamsumbua, alisema kwamba ziwa likichafuka boti ya abiria haisafiri, naye hukosa mitihani ya pamoja, na kwamba mdogo wake huamshwa alfajiri kuanika dagaa kabla ya shule. Usiku wa kuamkia siku yake ya kuzungumza aliletewa karatasi iliyochapwa, yenye maneno kama "uthabiti" na "mifumo ikolojia", na ndani yake hamkuwa na boti, mdogo wake wala dagaa. Aliisoma vizuri sana, akapigiwa makofi. Kwenye ndege aliniuliza kama yale aliyoyasema mwanzo yalikuwa makosa. Mimi nilikuwapo usiku ule na nilinyamaza, kwa hiyo nalizungumza hili kwa uchungu wa mtu aliyeshiriki. Tangu siku hiyo sikubali mtoto asafiri na maneno asiyoyaandika au kuyatamka yeye mwenyewe kwanza, kwa Kiswahili au kwa Kisukuma au Kikerewe kama ndiyo lugha anayofikiria nayo, na tafsiri ifuate baadaye.

Hapo ndipo sharti la Kiingereza linapoanguka. Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita, na Kiswahili hakimo, lakini wakalimani wapo na gharama yao ni ya mwenye mkutano. Ukichagua kwa Kiingereza, utampeleka mtoto wa shule fulani, wa nyumba ya aina fulani, na yule anayejua zaidi kuhusu ziwa atabaki mwaloni. Waache watoto wachague mwenzao wenyewe, kwa kura, baada ya kukaa na kukubaliana ujumbe. Kabla ya kura, toka na baraza lako nje ya uzio wa shule. Nendeni mwaloni Kirumba au Igombe, zungumzeni na watoto wanaouza mifuko, wanaoanika dagaa, walioacha shule; watafuteni wenye ulemavu ambao hawajawahi kuitwa kwenye baraza lolote. Andikeni walichosema katika daftari lenye tarehe. Daftari hilo litakuwa na thamani kuliko hotuba, kwa sababu atakayesafiri atakuwa mjumbe aliyetumwa, na waliomtuma watajua wamdai nini.

Uwe mwangalifu pia na neno "vijana". Umoja wa Mataifa huwahesabu vijana kuwa watu wa miaka 15 hadi 24, na sera yetu ya taifa huenda hadi 35. Matokeo yake ni kwamba kiti kinachotangazwa kuwa cha watoto na vijana hukaliwa na mtu wa miaka 28 mwenye shahada, na mtoto wa miaka 12 hapati hata nafasi ya kusimama nyuma. Sina kinyongo na ndugu hao wa miaka 28, wanafanya kazi nzuri, ila hawawezi kumsemea mtoto wa darasa la sita.

Kuhusu usalama sitasema mengi kwa sababu najua shule ina taratibu, lakini haya sitayaruka. Idhini ya mzazi au mlezi iwe ya maandishi, na idhini ya mtoto mwenyewe iwe ya kweli, maana yake aweze kubadili nia hata siku moja kabla ya safari bila kulaumiwa. Mtu mzima anayemwamini asafiri naye. Asiombwe kusimulia ukatili aliofanyiwa mbele ya watu. Mwenye jambo la aina hiyo apelekwe kwa afisa ustawi wa jamii au apige 116, simu ya huduma kwa mtoto. Picha zake zisitumike bila makubaliano ya zitatumika wapi na hadi lini. Na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa kuna hatari ambayo mgeni wa Geneva huenda asiielewe: baada ya mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yaliyotikisa mikoa yetu, kumtangaza mtoto mwenye ualbino kwa jina, sura na jina la kijiji chake kunaweza kumweka hatarini. Sauti yake inahitajika, na huenda ndiyo inayohitajika kuliko zote, lakini yeye na familia yake ndio waamue ionekaneje, na barua isiyo na jina bado ni sauti.

Hofu ya wazazi naiheshimu. Wengi wetu tulilelewa tukijua kwamba mtoto hakai kwenye kikao cha wazee, na wanaoliona jambo hili kuwa geni hawastahili kudharauliwa. Waeleze kwamba Mkataba wa Afrika, katika Ibara ya 31, unamtaka mtoto awaheshimu wazazi na wakubwa wake wakati wote na aitumikie jamii yake, na mkataba huo huo katika Ibara ya 7 unampa haki ya kutoa maoni yake. Walioandika waliona viwili hivyo vinakaa nyumba moja. Wakumbushe pia kwamba tayari wanawashirikisha watoto bila kuita hivyo: mzazi anapomtuma mtoto dukani na kumwuliza aliporudi kwa nini bei imepanda, anataka taarifa kutoka kwa aliyekuwapo. Katika uzoefu wangu, wazazi hulegea wanapoalikwa kwenye kikao cha baraza la watoto na kusikia watoto wanavyozungumza kwa utaratibu, wakipeana zamu, jambo ambalo wakubwa wenyewe hatulifanyi kila mara. Waalike pia mtendaji wa kata na afisa maendeleo ya jamii.

Hao wawili wana kazi nyingine. Misimamo ya Tanzania katika mikutano ya dunia huandaliwa na wizara hapa nchini, na ripoti ambazo nchi hupeleka kwa Kamati ya Haki za Mtoto huandikwa hapa hapa. Watoto nao wanaweza kupeleka ripoti yao wenyewe, hata ikiwa ya barua, michoro au video. Nakala ya daftari lenu ipitie kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, ifike halmashauri na baraza la watoto la ngazi ya juu, na muombe iandikwe kwamba imepokelewa. Njia hii ni ya polepole na haina ndege, lakini ndiyo inayofika mezani msimu wa kuandika.

Kwa hiyo jibu shirika kwa barua yenye masharti. Watoto watamchagua mjumbe wao. Ujumbe ni wao. Kutakuwa na mkalimani. Watu wa mkutano watataja kwa jina la cheo ni nani atakayeupokea ujumbe huo. Na ndani ya siku mtakazokubaliana, tuseme 60, kutakuja jibu la maandishi kwa Kiswahili litakalosomwa mbele ya baraza. Shirika makini litakubali, na pengine litafurahi kuulizwa. Likikataa sharti la jibu, baki na mtoto wako, na mweleze kijana wa kidato cha pili kwamba swali lake ndilo lililoamua.

Viza ikikosekana, na hukosekana mara nyingi, mara nyingine siku mbili tu kabla ya safari, msiruhusu ujumbe ufe pamoja nayo. Mrekodi mjumbe akizungumza pale pale mwaloni, ujumbe utumwe kwa sauti na kwa maandishi, na dai la jibu libaki vile vile. Kikao cha kusoma jibu kiwekewe tarehe sasa hivi, kabla hamjajua kama atasafiri, na waliozungumza nanyi Kirumba na Igombe waambiwe tarehe hiyo.